Mtaro wa Mbwa Wawili

Wapendwa, kabla hatujalichimba zaidi somo la leo, niruhusuni niwatoe humu ndani kidogo. Twende kijiji kimoja kando ya msitu, kule nyanda za juu, ambako asubuhi ukungu ukishuka unamsikia jirani yako akikohoa lakini humwoni.

Katika kijiji hicho kulikuwa na mvulana mmoja, wa umri ule ambao sauti bado haijaamua kama ni ya mtoto au ya mtu mzima. Aliishi na mama yake, wawili tu. Shamba lao la mahindi lilikuwa la mwisho kabisa, limegusana na msitu, kwa sababu mtu asiye na kitu hupewa ardhi pale ambapo wengine hawakupataka. Ninyi mnaolima kando ya misitu mnanielewa. Nguruwe pori haji shambani kwa kunyemelea kama mwizi. Anakuja na familia yake, anaangusha bua, anang'ata hindi mara moja, analiacha, anaangusha jingine. Ukifika asubuhi unakuta shamba limelala kama watu waliokunywa.

Dawa ya nguruwe katika kijiji kile ilikuwa mbwa. Mwenye mbwa alilinda kwanza shamba lake, kisha la ndugu yake, kisha la jirani yake. Mpaka zamu ifike kwa yule mama wa mwisho, nguruwe walikuwa wameshashiba na kurudi msituni. Tena kulikuwa na desturi. Wanaume walipokwenda kuwinda, mnyama akianguka, nyama haikugawanywa kwa watu, iligawanywa kwa mbwa. Mwenye mbwa watatu alipata mafungu matatu, hata kama siku hiyo yeye mwenyewe alibaki nyumbani anaumwa kiuno. Asiye na mbwa alisubiri kitakachobaki.

Mvulana wetu alikwenda kila mawindo. Kazi yake ilikuwa kupiga debe vichakani ili nguruwe watoke, na miguu yake ilichanwa na miiba kuliko ya mtu mwingine yeyote. Siku moja, wakati wa kugawa, alisimama kwenye mstari na jani lake la mgomba mkononi.

"Mbwa wako yupi?" mgawaji akamuuliza.

"Sina, baba."

"Basi kaa pembeni, wenye mbwa wamalize."

"Mwacheni huyo," mwingine akasema. "Leo kabweka vizuri sana kule kichakani. Mpeni walau fungu la mbwa mdogo."

Wakacheka. Naye akacheka, maana anayechekwa akinuna huonekana ana kiburi, na mwenye kiburi hapewi hata kile kilichobaki. Akarudi nyumbani na kipande cha pafu.

Je, wanaume wale walikuwa wabaya? Mimi nasita kusema hivyo. Ndivyo walivyowakuta baba zao wakigawa, na mtu aliyezaliwa akaikuta desturi inamnufaisha huwa haioni, kama vile hauoni mgongo wake. Lakini mvulana aliiona. Jioni ile, mama yake akilikatakata lile pafu vipande vidogo ili lionekane jingi, alimwambia, "Mama, nataka mbwa wangu. Wawili."

Wawili, kwa sababu mbwa mmoja mbele ya nguruwe pori ni kitoweo. Mmoja azuie mbele, mwingine asumbue nyuma.

"Mbwa wanakula, baba," mama akasema. "Sisi wenyewe ugali tunaupimia."

"Watakula changu."

"Chako kipi? Kile unachomaliza kabla sijakaa?"

Akacheka, akampa kipande kilichokuwa kikubwa kidogo kuliko chake. Lakini hakumkataza.

Sasa, ng'ambo ya bonde aliishi mzee mmoja aliyefiwa na mkewe, mtu wa maneno machache, ambaye mbwa wake walikuwa wawindaji hodari kuliko mbwa wote wa pale. Mnajua vijijini mbwa hupewa jina ambalo kwa kweli ni ujumbe kwa majirani. Mwenye mbwa anaita mbwa, jirani anajijua. Mbwa jike wa mzee huyu aliitwa Waseme. Watu walisema, na mzee aliendelea kumwita mbwa wake kwa sauti, na siku zilienda.

Waseme alikuwa amezaa. Mvulana akavuka bonde.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Nani kakutuma?"

"Sijatumwa. Nimekuja kwa ajili ya watoto wa Waseme."

"Umekuja na nini?"

"Na mikono."

Mzee akaitazama ile mikono kama mtu anayekagua jembe la kuazima. "Mbwa wangu siuzi," akasema. "Na bure simpi mtu. Watoto hawa nawatafutia nyumba, kwa hiyo mwenye nyumba nataka nimwone akifanya kazi. Njoo."

Akampeleka ukingoni mwa shamba lake, upande wa msitu. Pale alitaka mtaro wa kuzuia nguruwe, wa kina cha kiuno, upana ambao nguruwe hawezi kuuruka. Ungeanzia kwenye mwamba na kushuka kuelekea kijito. Mbali huko chini, katikati ya majani marefu, alikuwa amepigilia kigingi cha mti mweupe.

"Ukifika pale kabla ya mvua, chagua wawili. Mvua ikikukuta njiani, basi. Udongo huu ukilowa unaporomoka, hauchimbiki tena. Na kuna mwenye duka wa njia panda anawataka hawa watoto wote."

"Sawa, babu."

"Hujauliza kama ni mbali."

"Nimeona ni mbali," mvulana akasema. "Nikiuliza patasogea?"

Mzee akaenda kuleta sururu.

Ndugu zangu, mtoto yule alichimba. Juu udongo ulikuwa laini na siku za mwanzo alikwenda mbio, mpaka akaanza kuimba. Halafu akakutana na changarawe. Baada ya changarawe akakutana na mizizi, ile ya miti iliyokatwa zamani ambayo huko chini haijapata habari kwamba imekufa. Malengelenge yakatoka viganjani, yakapasuka, yakatoka mengine juu yake. Asubuhi alifanya kazi za mama yake, mchana akavuka bonde, na jua likielekea kuzama akarudi, ametapakaa udongo hadi nyusi.

Mzee hakumsifu. Alikaa mbali kidogo akishona mikanda ya njuga za mbwa. Ila mchana alifukia viazi kwenye majivu ya moto, na vikiiva walikula wote wawili, kimya, huku watoto wa Waseme wakiwapanda miguuni. Mvulana alikwisha wachagua wake. Mmoja mwenye sikio moja lililolala, mwingine mweusi mwenye ncha nyeupe ya mkia. Aliwaita kwa majina alipodhani hakuna anayesikia.

"Unawaitaje hao?" mzee akauliza siku moja.

Mvulana akaona haya. "Huyu Mtaniona. Na huyu Msinicheke."

Mzee akainamia mkanda wake, akashona, akashona. "Majina makubwa," akasema baadaye. "Inabidi wale vizuri."

Kama hadithi ingeishia hapo ingekuwa nzuri, sivyo? Lakini mama yake alimtuma mashineni kusaga.

Mashine ya kusaga iliendeshwa na mtu mmoja mchangamfu, aliyependwa na wote, mweupe kwa unga kuanzia kofia mpaka viatu. Alipoiona mikono ya kijana aliuliza, naye akaelezwa. Akazima mashine ili asikike.

"Mdogo wangu, nikuambie kitu kwa kukupenda. Mimi nilichimba pale pale, nikiwa kama wewe. Mtaro wa upande wa juu, ule ni jasho langu. Na mimi niliahidiwa mbwa. Siku moja nafika, nakuta kigingi kimeng'olewa kimepigiliwa upya. Nikaitupa sururu, sikugeuka nyuma. Mpaka leo, sijaota ndoto ya mbwa tena."

"Labda kilianguka," mvulana akasema.

"Kilianguka," mwingine kwenye foleni akadakia, na watu wakacheka. "Kigingi cha yule mzee kina miguu, kijana. Kinatembea."

Mvulana akabeba unga wake. Njiani mzigo ulikuwa ule ule lakini ulimwelemea zaidi.

Tazameni jinsi neno linavyofanya kazi. Kesho yake udongo haukubadilika, sururu haikubadilika, mzee hakubadilika. Lakini mzee yule yule aliyekaa mbali kidogo akishona, jana kijana alimwona mtu wa kukaa naye, leo alimwona mlinzi anayemchunga. Viazi vilipoiva, alisema ameshiba. Mzee akavishika vile viazi mkononi kitambo, akavirudisha jivuni. Siku zilizofuata kijana alichimba bila kuimba. Alichimba kwa hasira, akipiga ardhi kama vile ardhi ndiyo iliyomtendea. Na kila alipopumzika alikitazama kigingi kule chini kwenye majani. Mara nyingine alidhani kimekaa tofauti, lakini hakuwa na hakika.

Mawingu yakaanza kujikusanya juu ya msitu. Upepo ukaja na ile harufu ambayo kila mkulima anaijua. Asubuhi hiyo alivuka bonde mapema kuliko kawaida, akashuka moja kwa moja hadi kwenye kigingi, akainama. Udongo wa pale chini ulikuwa mbichi. Ulikuwa umeshindiliwa kwa kisigino, na alama ya kisigino ilikuwa bado ipo.

Alipanda kwenda nyumbani kwa mzee akamkuta anakoroga uji wa pumba wa mbwa.

"Babu, umekisogeza kigingi."

Wewe ungetegemea akane. Mzee hakukana. "Nimekisogeza," akasema.

"Leo?"

"Leo. Na siku nyingine."

"Na mimi nachimba tu."

"Na wewe unachimba, ndiyo."

Mvulana alitaka kusema mengi, lakini sauti yake ilifanya ile kazi ya kupanda na kushuka, na hakutaka kulia mbele ya mtu huyo. "Waliniambia," akasema. "Kijiji kizima kinakujua." Akaigeuza miguu. Mzee alimwita, si mara moja. Hakugeuka. Hata Mtaniona na Msinicheke walipomfuata wakijikwaa kwenye masikio yao, aliwasukuma kwa mguu, polepole, na hilo ndilo lililomuuma kuliko yote.

Hakupita njia ya kawaida, kwa sababu hakutaka kuuona ule mtaro. Alikata kushoto, akashuka kwa kupitia majani marefu, ng'ambo ya kigingi, kuelekea kijito. Na katikati ya majani yale mguu wake ukaingia kwenye shimo, akaanguka kifudifudi.

Lilikuwa shimo dogo, la mviringo, la unene wa kigingi.

Akainuka. Akatazama kigingi kilipo: kilikuwa nyuma yake, juu, upande wa mtaro. Akapiga hatua kadhaa kuteremka, akaona shimo jingine, kingo zake zimeanza kulegea. Akashuka tena. Jingine. La mwisho lilikuwa karibu kabisa na kijito, limeota majani, na siafu walikuwa wamejenga njia yao ndani yake. Pale ndipo kigingi kilipokuwa kimesimama siku ya kwanza.

Mmeelewa, wapendwa? Kigingi kilikuwa na miguu kweli. Ila kilikuwa kinamjia yeye.

Mvulana alisimama pale kwenye majani mpaka suruali yake ikalowa umande. Halafu alipanda tena. Mzee alikuwa bado na mwiko mkononi, na uji wa pumba ulikuwa umeungua.

"Kwa nini hukusema?" mvulana akauliza.

Kuna watu ambao ulimi wao ni mzito hasa kwa lile jema walilolitenda. Mzee alikwangua sufuria kwanza. "Siku ile umefika kwenye changarawe," akasema, "nilipima nguvu zako, nikapima na mvua. Hesabu ikakataa. Nikajiuliza, hapa kibadilike nini? Mvua siiwezi. Na wewe siwezi kukukuza ukawa mtu mzima kwa wiki moja. Kilichobaki ni kigingi."

"Kwa hiyo mbwa ni wa kupewa."

"Hebu lete mikono." Mvulana akainyoosha. Mzee akaigeuza, akaitazama viganja. "Na malengelenge haya nani kakupa?"

Mvulana akasema, akitazama chini, "Babu, siku zile zote nilikuwa nakuchukia."

"Nilijua. Ulichimba vizuri sana siku zile, mtaro umenyooka kuliko ule wa kuimba. Ndiyo maana nikanyamaza."

Na mvulana, ambaye alikuja amejaza kifua kilio, akajikuta anacheka, na mara hii si kwa kuogopa kukosa nyama.

Akamuuliza, "Na yule wa mashineni?"

Mzee akaweka mwiko chini. "Yule alikuwa amebakiza kazi ya asubuhi moja. Nilimwita, kama nilivyokuita. Mbwa wake nilimtunzia hapa mpaka akazeeka, nikidhani atarudi. Nadhani aliona nimevunja ahadi, hakutaka kunitia aibu mbele yake, basi akanihurumia kwa kukaa mbali." Hivyo ndivyo mzee alivyomsema mtu aliyemchafulia jina kwa miaka yote. Kisha akachukua jembe lake mwenyewe, akashuka kwenye kigingi, akaanza kuchimba kutokea chini huku mtoto akichimba kutokea juu. Matone ya kwanza yalianguka wakiwa bado hawajaonana kwa sababu ya kina. Waliendelea mpaka mitaro yao ikakutana. Mvua yenyewe ilipofika iliwakuta wamekaa juu ya udongo uliochimbwa, na mbwa wawili wadogo wamejificha chini ya shati la mvulana.

Sasa tuzungumze sisi kwa sisi.

Watu wa mashineni hawakusema uongo. Hilo naomba mlishike. Kigingi kilisogezwa kweli, na yule ndugu alikiona kwa macho yake. Alichokosa ni kutembea mbele kidogo kwenye majani. Amekuwa na ushahidi wa kweli kwa miaka yote hiyo, na ushahidi huo wa kweli umemnyima mbwa na umemnyima rafiki. Je, sisi Mungu tunamjua kwa kumjua, au tunamjua kwa habari za mashineni? Mipango yetu ikibadilishwa, tulichotazamia kikihama pale tulipokiacha, tunasema, "Nilijua tu." Tunamtumikia tukiwa tumesusa viazi vyake. Ndugu yangu, dada yangu, ulitazama alikuwa anakisogeza kuelekea wapi? Hebu rudi kwenye miaka yako, mmoja mmoja, uyatafute yale mashimo. Nina hakika utaanguka kwenye mojawapo.

Najua mmefarijika. Naona nyuso. Wengi wetu tukisikiliza mfano huu tunajiweka kwenye nafasi ya yule mvulana, na si vibaya, maana sote tumepata malengelenge.

Lakini sikuja leo kwa ajili hiyo peke yake. Nimewatazama mlivyokuwa mkiingia. Humu ndani kuna mama aliyeajiri binti wa kazi, naye amemwambia, "Ukinizoea nitakuongezea." Kuna baba aliyemwambia mwanawe, "Siku utakapofanya hiki, nitakusamehe." Kuna fundi mwenye wanafunzi gereji, kuna mwalimu, kuna mwenye shamba, kuna mkwe anayesubiri mahari imalizike. Kila mmoja wenu ameshika kigingi, na upande wa pili kuna mtu amekaza macho kwenye kigingi hicho na mikono yake inatoka damu. Unamwona kila siku. Unajua nguvu zake, na mawingu unayaona.

Usiningoje nje baada ya ibada uniambie mahubiri yalikuwa mazuri. Nenda nyumbani, ukakisogeze.